Mkaratusi wa Baba Yao

Mie nyumbani kwangu naishi na mapolisi watatu, na wote nawapikia uji kwa mkono huu. Wa kwanza binti yangu, katibu wa kamati ya maji. Wa pili mumewe, mwalimu, mtu mpole, salamu zake za asubuhi haziishi mpaka chai ipoe. Wa tatu ni binti yao, mjukuu wangu, yuko klabu ya mazingira shuleni. Walihama Same mjini wakaja huku juu Suji kukaa na mimi, eti wananitunza. Kumbe wamekuja kutunza takataka zangu.

Mkwe wangu huanza, mikono nyuma, kama yuko mbele ya ubao. "Shikamoo mama. Samahani sana mama, hili ganda la ndizi linaoza, mama, na hii betri ya redio haiozi. Umeviweka pamoja, mama."

Nami naweka mikono nyuma. "Marahaba mwanangu. Samahani sana mwanangu. Nimevikuta vinaongea, nikaona nisivitenganishe, mwanangu."

Anacheka mpaka miwani inamshuka puani. Halafu anaitoa betri.

Mjukuu yeye hupiga kelele toka chumbani. "Bibiii! Mifuko ya nailoni tena chini ya godoro! Si imepigwa marufuku?"

"Ndiyo maana nimeifungia ndani."

Binti yangu hana mchezo. Sauti yake fupi, kavu, kama panga kwenye kuni. "Mama." Anasema hivyo tu, na mie najua ni moshi, au ni majivu, au nimekata tawi mahali. Mie hayo mazingira wanayoyasema nimezaliwa humo humo, hakuna aliyewahi kunitambulisha kwayo. Nashangaa wanavyoyatetea, utadhani yamefiwa.

Lakini siku waliponigusa hasa, walinigusa kwenye mkaratusi.

Uko chini ya nyumba, ukipita migomba, pale chemchemi inapotokea. Aliupanda marehemu mume wangu, watoto wakiwa bado wanatambaa. Umekuwa mrefu, ukiutazama juu kilemba kinaanguka. Mchana nikishamaliza kazi nilikuwa nachukua kigoda changu nakwenda kukaa pale. Majani yake yananukia kama dawa ya kifua. Kule chini unaiona nchi tambarare ya Same, nyekundu, vumbi linanyanyuka peke yake linatembea, linakaa, linanyanyuka tena. Nasinzia. Ukungu unapita kwenye matawi, juu kule kunaanza shhh, shhh, polepole, na katikati ya usingizi na macho siwezi kukwambia niko upande gani. Mume wangu alikuwa anaongea hivyo, chini chini. Sikuwa nasikia maneno. Nilikuwa nasikia tu kwamba kuna mtu anaongea karibu, na mie sijaachwa peke yangu. Basi, narudi nyumbani kuinjika chungu.

Sasa siku moja binti yangu anakuja. "Mama, ule mkaratusi unakunywa maji ya chemchemi."

"Uache unywe, na wenyewe una kiu."

"Mama."

Hakuwa anasema uongo. Zamani pale ulikuwa unatega ndoo, ukimsalimia jirani na kuulizia watoto wake, imejaa. Kiangazi hiki binti yangu akanambia, "Nimetega ndoo, nimemsuka mtoto kichwa kizima, nimegeuka, haijafika nusu. Na kina mama wa chini wanasubiri wamekaa kwenye majani." Nikawaona kweli wamekaa, ndoo zao mapajani, hata umbea umewaishia.

Kamati ikakaa. Ikapanga msaragambo. Huku kwetu kazi ya wote ndiyo inaitwa hivyo: inapigwa pembe asubuhi, mwenyekiti wa kitongoji anapaza sauti kutoka mgongo wa kilima, na kila nyumba inatoa mtu na panga. Asiyetokea anatozwa faini. Binti yangu alinipa habari amenipa mgongo, anakoroga makande. "Jumatano, mama. Tunaukata."

Sikujibu. Mie nisipojibu, kwenye nyumba ile hata kuku wanashtuka.

Jumatano ikaja na ukungu. Ule ukungu mzito, unaunyoosha mkono unaupoteza. Nikateremka na kigoda changu mapema, nikakaa chini ya mti. Pembe ikalia. Nikaanza kusikia watu wasioonekana: mapanga yanagongana, mabuti, mtu anapiga miayo. Wanakuja kutoka kila upande, na mie na mti tuko katikati, tumefunikwa na weupe. Ilikuwa kama ndoto ile unayotaka kukimbia na miguu haipo. Miguu haikuwepo kweli. Mdomo ndio ulikuwepo.

Mwenyekiti wetu, kabla ya neno kubwa, lazima akohoe. Basi nikakohoa. Nikaikaza shingo, nikatoa lile zito lake: "Ndugu wananchi! Khh-hm! Msaragambo wa leo, khh-hm, umeahirishwa! Rudini majumbani mpaka mtakapotangaziwa!"

Nasikia mapanga yanageuka. "Ameahirisha." "Afadhali, nina mahindi ya kupukuchua." Miguu inaanza kupanda kilima. Watu wa kwetu wanaitii sauti ya kwenye ukungu, ndiyo tuliyolelewa nayo.

Mara kutoka kule njiani: "Khh-hm! Nani huyo anaahirisha? Mwenyekiti ni mimi!"

Ningenyamaza. Lakini mdomo ukishawaka moto! "Khh-hm! Nani huyo anajifanya mimi? Kamateni huyo!"

"Mimi ndiye mimi! Khh-hm!"

"Hapana, khh-hm! Wewe ni mlevi wa jana!"

Huko kwenye ukungu watu wakaanza kucheka. Kuna mmoja akasema, "Wenyeviti, mkishapatana mtatuita," na mapanga yakaenda zao. Mwenyekiti naye akaenda, anakohoa njia nzima, safari hii kwa hasira.

Nikabaki na mti. Moyo unanidunda kama wa msichana.

Kisha wakatokea mapolisi wangu, mmoja mmoja, kama wanachorwa. Mkwe wangu ameuma midomo asicheke. Mjukuu hakuuma kitu, amejishika tumbo. "Bibi, umezidisha kikohozi!" Binti yangu akaja mwisho, panga mkononi. Nikasubiri lile "mama" lake. Halikuja. Aliliweka panga chini, akakaa kwenye mzizi, karibu na goti langu, kama alivyokuwa anakaa akiwa mdogo.

"Ningekukatia kwa nguvu, unafikiri?" akasema. "Mie mwenyewe nimeshindwa kulala. Ni mti wa baba. Lakini mama, wale wa chini watakunywa nini?"

Nikamtoa jani la mkaratusi kichwani. Juu kukawa na ile shhh.

Ndipo mjukuu akauliza, bila nia mbaya, maana babu yake hakumkuta: "Bibi, wewe unawaiga watu wote. Babu alikuwa anaongeaje?"

Nikashtuka. Nimewaiga wachungaji, nimewaiga mbuzi, nimemwiga daktari akiwa ananidunga sindano. Yule sijawahi. Tangu tumzike sijawahi. Niliogopa nikiitafuta sauti yake nikute haipo.

Nikafumba macho. Alikuwa anaongelea puani kidogo, polepole, kila neno analitoa kama anaazimisha. Nikafungua mdomo, ikaja yenyewe:

"Mama watoto. Si nilikwambia huo mti ni wa kuezekea jiko? Jiko linavuja mpaka leo, na mti umesimama unafanya nini?"

Wallahi ni yeye! Maneno yake hayo hayo, alikuwa ananambia kila masika, nami namjibu ngoja unenepe. Binti yangu akasema, "Baba!" akaweka mikono mdomoni, akacheka na machozi yanamtoka. Na mie nikacheka. Mkwe wangu akavua miwani, akasema taratibu, "Shikamoo baba," na hapo tukaharibika kabisa wote wanne.

Ukungu ulipoinuka nikamwambia binti yangu, "Nenda kamwambie mwenyekiti amepona kikohozi. Waukate."

Wakaukata wiki ile. Mbao ziko juu ya jiko langu, halivuji. Maji ya chemchemi wao wanasema yanarudi, wanayapima kwa kijiti. Mie naona kina mama wa chini wameanza tena umbea, basi najua.

Lakini mkaratusi mbishi. Shina linachipua kila mara, vijani vyekundu laini kama masikio ya panya. Binti yangu alitaka kuja kuvikata. Nikamwambia acha, hiyo kazi yangu. Mchana nakwenda na kigoda changu, nakaa juani sasa, hakuna kivuli. Navikonyoa kimoja kimoja, nanusa vidole. Na kule juu kukiwa kimya sana, naongelea puani kidogo.