Mkahawa Bila Mimi

Kisa hiki kinanionyesha mjinga, najua. Nakisimulia mwenyewe kabla watu wa barzani hawajanitangulia, maana wale huongeza chumvi.

Dada yangu alikuwa akisomea masta ya fedha za makampuni. Mimi niliishia darasa la nane, lakini mdomo wangu una digrii. Kazi yake ya mwisho ilikuwa kukadiria thamani ya biashara ya kweli, akachagua mkahawa wetu hapa Mji wa Kale. Mama anapika mahamri na mbaazi, mimi nauza chai na maneno. Na haikuwa ya darasani tu. Tajiri mmoja wa Makupa alitaka kununua nusu, mama apumzike na moshi, kifua kishaanza kumkaba. Akasema ataamua akiona kazi ya dada.

"Wewe kaa nyumbani wiki moja," dada akaniambia. "Binamu atauza. Nataka kujua mkahawa bila wewe una thamani gani."

"Bila mimi? Dada, bila mimi hayo ni masufuria na mabenchi!"

"Ndiyo nataka kuona."

Lilinichoma lile. Jioni nikaenda barzani nikawaambia jamaa: wiki hii msikanyage mkahawani, kanyweni chai Marikiti, nijulikane mimi ni nani. Kwetu, mtu wa barza yako hakukatalii. Wakacheka, wakakubali.

Mabenchi yakakaa matupu. Kila siku mama alirudi na beseni la mahamri, akawagawia majirani. "Watu tumewakosea nini?" akauliza huku akikohoa. Nikaangalia simu.

Dada akaandika alichokiona: bila mimi hakuna biashara. Nikamwomba anisomee tena hapo. Siku hiyo nilitembea kama bwana harusi.

Tajiri alikuja nyumbani, akasomewa, akauliza swali moja tu. "Na huyu kijana akiugua? Au akioa akahamia ukweni?" Akashukuru kwa chai, akavaa viatu mlangoni. Baadaye tukasikia ameingia ubia na hoteli moja ya Mwembe Tayari.

"Biashara ikimtegemea mtu mmoja, thamani yake hushuka," dada akanieleza. "Mnunuzi hawezi kukununua wewe."

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Kwani uliniuliza?"

Niliporudi kazini, jamaa wote wakaja kwa mpigo. Mmoja akapaza sauti tangu mlangoni: "Vipi bosi, marufuku imekwisha? Chai ya Marikiti maji matupu!"

Dada alikuwa ameketi pale, kikombe mkononi. Akakiweka chini polepole. Na mama alikuwa jikoni, na jikoni kwetu hutengwa na pazia tu.

Nilingoja kelele. Mama akatoka na beseni la unga, akaliweka mezani mbele yangu.

"Haya, mkahawa," akaniambia. "Kesho alfajiri ukande wewe. Mie nilikuwa nishapata wa kunipumzisha."