Tangazo Langu Kuhusu Insulini

Nataka ifahamike mapema kwamba mimi si daktari. Nalazimika kusema hivyo kwa sababu hapa Lewisville kuna watu waliokuwa wakiniita daktari kwa miaka minne, nami sikuwasahihisha hata mara moja. Mimi ni teknishani katika duka dogo la dawa. Nahesabu vidonge, nabandika lebo, nabishana na watu wa bima kwenye simu. Mfamasia ni mwenye duka, mama mmoja Mkenya mwenzangu. Lakini sisi tuliokulia Kenya tunajua kuwa yeyote anayesimama nyuma ya kaunta ya dawa ni daktari, hata kama alikuja kutengeneza friji. Wakongomani tunaosali nao, wengi wao waliopitia kambi za wakimbizi kabla ya kuletwa Texas, walikuja na mazoea hayo hayo. Ningeanzaje kuwapinga watu wazima?

Sasa, bodi ya jimbo inayosimamia maduka ya dawa hututumia barua pepe kila kanuni inapobadilika, na hapa kanuni hazikai. Siku moja ikaja ya insulini. Ilisema mfamasia sasa anaruhusiwa kumpa mgonjwa wa kisukari insulini bila cheti kipya cha daktari. Nilisoma kichwa cha barua na aya ya kwanza, nikafunga simu. Nilifurahi kwelikweli. Niliona Texas hatimaye imepata akili, imekuwa kama kwetu, ambako unamweleza mtu wa kemisti shida yako na kuondoka na bahasha ya dawa. Nikaituma barua ile kwenye kikundi cha familia. Dada yangu, muuguzi anayeishi Pearland na ambaye husoma hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi, akaandika: "Umesoma masharti?" Nikamjibu kwa kikatuni cha dole gumba.

Ibada yetu ya Kiswahili tunaifanyia katika ukumbi wa shule tunaoukodi, na baada ya mahubiri huja matangazo. Mwenye tangazo hupewa dakika moja. Mimi nilichukua sita. Nilikuwa nimevaa tai. Nilitumia neno "mamlaka" mara mbili bila sababu yoyote. Halafu nikasema, na maneno haya nayakumbuka kuliko nadhiri zangu za ndoa: "Wenye kisukari, furahini! Kwa insulini, sasa hamhitaji daktari." Ukumbi ukapiga makofi. Nikarudi kitini nikitembea kama mtu aliyeipitisha sheria yeye mwenyewe.

Jumatatu kaunta ilijaa. Mmoja alitaka antibiotiki za kumpelekea mama yake Kisii. Mwingine alitaka sindano ya kupunguza tumbo, maana alisikia mambo yamefunguliwa. Mwenye duka akanivuta nyuma ya rafu.

"Uli-announce nini kanisani?"

"Ile rule mpya."

"Uliisoma mpaka mwisho?"

Nikaanza kunyoosha chupa za rafuni. Akaifungua kwenye kompyuta, akanisomea huku kidole chake kikifuata mistari kama ananifundisha alfabeti. Ni kwa dharura tu. Mgonjwa awe amewahi kuandikiwa insulini. Mfamasia awe amemtafuta daktari akamkosa. Kisha mgonjwa anapewa kiasi kidogo, kisichozidi cha mwezi mmoja, na daktari anaarifiwa.

"Hii ni ya kumvusha mtu mpaka amwone daktari," akasema. "Si ya kumwachisha daktari. Jumapili simama u-correct."

Nilisema sawa. Jumapili ile nilikaa kiti cha nyuma kabisa nikajiambia mahubiri yamekuwa marefu na watu wana njaa. Jumapili iliyofuata sikumbuki nilijiambia nini, lakini pia sikusimama. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona haya, na makofi yale bado yalikuwa matamu masikioni.

Wiki ya tatu akaja dukani mama mmoja Mkongomani wa kanisani kwetu, rika la mama yangu mzazi. Binti yake hupanga maboksi katika ghala, na ndiye humwendesha kila anakokwenda. Mama akaweka juu ya kaunta kalamu yake ya kujidungia insulini, tupu. Nilijua daktari wake wa zamani amestaafu, na kwamba amesubiri miezi mitatu kupata miadi katika kliniki mpya. Nikamwuliza miadi ni lini.

"Rendez-vous tulishaivunja," akasema kwa furaha. "Si weye njo ulisema ku kanisa asema docteur hapana lazima tena? Binti alikuwa atapoteza siku ya kazi. Mungu akubariki sana, docteur wangu."

Kama friji ya chanjo ingenitosha, ningeingia humo na kufunga mlango. Nikamwambia nilikosea. Nikamwambia mimi si daktari, sijawahi kuwa daktari, nimesomea kuhesabu vidonge. Akacheka, akanipiga begani. "Unajishushaka sana," akasema.

Mwenye duka aliipigia simu kliniki. Wakasema hawawezi kumwandikia dawa mtu ambaye hawajawahi kumwona. Basi akampa insulini ya kumvusha, kwa kanuni ile ile niliyoiharibu. Kuanzia kesho yake, kila saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye simu na mpokezi wa kliniki, nikibembeleza hadi akaijua sauti yangu kabla sijajitaja. Jumapili nikasimama mbele, bila tai, nikasahihisha. Nilitumia chini ya dakika moja. Hakuna aliyepiga makofi.

Siku ya kumi mgonjwa mmoja akaghairi miadi yake. Nikaomba ruhusa kazini, nikampeleka mama mwenyewe hadi kliniki, mjini Richardson.

Daktari alikuwa dada kijana asiyejua Kiswahili, kwa hiyo nikawa mkalimani. Aliuliza kwa nini mama alighairi miadi ya kwanza. Swali hilo sikulitafsiri, nililijibu mimi. Akanitazama kidogo, akaandika kitu. Kisha akamwomba mama avue viatu na soksi. Akanieleza kuwa kisukari huiba hisia za miguu polepole, mtu akakanyaga msumari asijue, ndiyo maana hawa wagonjwa ni lazima waonwe. Alitoa uzi mwembamba wa nailoni.

"Mwambie afumbe macho. Kila nikimgusa, aseme ndiyo."

Nikatafsiri. Mama akafumba macho, akaweka mikono mapajani. Uzi ukagusa kidole kikubwa, ukagusa chini ya vidole, ukagusa kisigino. Nilikuwa nauangalia mdomo wake. Uzi ukahamia mguu wa pili, ukarudia pale pale kote. Daktari akauweka mezani, akageukia kompyuta.

Mama alikuwa bado amefumba macho.

"Ataanza saa ngapi?" akaniuliza.

"Ameshamaliza, Mama," nikamwambia.