Steringi Hakufa Mukuru

Saa tisa na robo alasiri, Jumapili, mkanda uliingizwa kwenye mashine. Nilikuwa nimeketi benchi la mbele katika banda la vidio la jirani yangu, mtaani Mukuru kwa Reuben. Wengine walikuja kustarehe. Mimi nilikuja kutafuta mwisho wa kitabu.

Nilifanya kazi katika kiwanda cha sabuni, na mwaka huo nilikuwa narudia mtihani wa fasihi, somo hilo moja tu. Riwaya iliyotahiniwa niliinunua kuukuu kando ya barabara, kurasa za mwisho zimeng'oka. Iliishia mshtakiwa, mtu asiye na hatia, akingoja hukumu.

"Filamu yake ninayo," jirani aliniambia. "Njoo uone mwisho, ndugu yangu. Ni kitabu chako kilekile."

Mshtakiwa, ndiye steringi, mhusika mkuu wa filamu, aliigizwa na mtu ambaye banda zima lilimjua kwa mateke. Humu alivaa koti refu na kuzungumza kwa upole hadi watu wakachoka.

"Mbona hapigi?"

"Amezeeka huyo!"

"Tulieni, steringi hafi."

Mwishowe mlango wa gereza ulifunguliwa, akamkumbatia mkewe. Picha ikazimika. Watu walipiga makofi, na mkanda wa karate ukafuata.

Swali lenye alama nyingi zaidi katika mtihani lilihusu mwisho wa riwaya. Nilijaza kurasa tatu nikieleza jinsi haki ilivyoshinda.

Nilianguka. Nilipomsimulia mwalimu wa masomo ya jioni nilichoandika, alinitazama kwa huruma. Mke alikuja kumuaga mumewe, alisema. Kesho yake alinyongwa.

Nilikwenda bandani moja kwa moja. Jirani hakukana.

"Kuna siku steringi alikufa humu, wakanivunjia mabenchi. Tangu hapo nazima kabla hajafa."

"Lakini ulijua mimi nimefuata nini."

"Nilijua. Sasa ningewawashia wote kwa ajili yako, wavunje tena?"

"Ungeniambia tu, nikitoka mlangoni."

Jirani alitia mkono mfukoni, akanirudishia shilingi tano za kiingilio. Kwa miaka tulikuwa tukila pamoja chakula cha Jumapili, kwake au kwangu. Hatukula tena.

Ada ya mtihani ilikuwa shilingi mia nane. Kiingilio kilirudi; mia nane hazikurudi.