Maua ya Mzee Zedekia

“Mama mdogo, riba ikipanda huko Kampala, mwisho wake nani anailipa?”

Nilimuuliza Ketura Kyarikunda swali hilo mwaka 2022, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa ameketi kwenye stoo yake ya kahawa hapa Bwera, simu bado mkononi. Ofisa wa benki alikuwa amempigia kutoka Kasese mjini kumwambia kwamba riba ya mkopo wake, iliyokuwa kumi na nane kwa mia, sasa ni ishirini na mbili. Alivua viatu, akaanza kukanda miguu.

Mkopo ulikuwa wa milioni kumi na mbili, na dhamana yake ilikuwa kiwanja cha Kitswamba. Alikuwa amehangaika na magunia miaka kumi na moja ili akinunue, siku moja ajenge, aachane na nyumba za kupanga. Kila Jumapili tukitoka kanisani alikitaja kile kiwanja kama mtu anayemtaja mtoto wake aliye shule ya bweni.

Kazi yake ilikuwa kununua maua. Mgeni akisikia hivyo atadhani ni maua ya harusi. Kumbe huku kwetu mkahawa huchanua wakati ada ya shule inadaiwa, basi mkulima huuza kahawa ingali ua. Mnunuzi huzunguka shamba, akautazama ule weupe, akasema, “Hapa magunia manne.” Hulipa papo hapo nusu ya bei ya mavuno, kisha hungoja miezi saba iive. Pesa ya kungojea ndiyo Ketura aliyoikopa benki.

Shuleni mwalimu wa biashara alitueleza. Sabuni na petroli zimepanda bei, kwa hiyo Benki Kuu imepandisha riba, mikopo iwe ghali, watu wapunguze kununua, bei zitulie. Uchumi unapozwa, alisema. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama mdogo, nikidhani atafurahi kujua sababu.

“Unapozwa kama uji?” aliuliza.

“Ndiyo.”

“Haya. Basi mimi ndiye kijiko.”

Wiki hiyohiyo Mzee Zedekia alishuka kutoka mlimani. Alikuwa amemuuzia Ketura maua misimu sita mfululizo, na msimu uliopita alipata laki tatu kwa gunia. Safari hii Ketura alimtajia laki mbili na arobaini.

“Mama Ketura! Maua iko ile ile, nyuki iko ile ile. Nini imepungua?”

“Benki imenipandishia, mzee.”

“Benki iko na mkahawa?”

“Haina.”

“Sasa inakula kahawa yangu namna gani?”

Ketura alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeamka saa kumi alfajiri. “Ukipata mwenye bei nzuri nenda kwake, mzee. Sikushiki.”

“Hunishiki kwa sababu unajua shule inafungua Jumatatu!”

Mzee alizichukua zile pesa. Kwa magunia manne alikuwa amepungukiwa laki mbili na arobaini, sawa na bei ya gunia zima, na pengo hilo likaangukia ada ya binti yake Ronah.

Kila Ronah alipofukuzwa shule, mzee alichuma punje zilizotangulia kuiva, akaziuza sokoni beseni moja moja, kimyakimya. Msimu ulipofika alikuwa na deni la magunia manne, na Zedekia ni mtu wa neno lake. Akakamua matawi yote, mbichi kwa mbivu, akaanika pamoja, akaleta magunia manne kamili, yameshonwa vizuri. Hakuwa peke yake. Wengi ambao Ketura aliwapunguzia walifanya hivyo hivyo.

Mnunuzi mkubwa wa Kasese, Hamuza, ambaye Ketura humuuzia, alifungua gunia, akamimina punje kiganjani. Nyeusi, zimesinyaa.

“Mama, hii si kahawa. Hii ni kokoto ya kiwanda cha Hima. Wapelekee wakasage saruji.”

Alilipa chini ya nusu. Mimi nilitaka Ketura apande mlimani akagombane na Zedekia. Hakupanda. Alilala siku mbili, akauza kiwanja cha Kitswamba kabla benki haijakiuza, akamaliza mkopo. Kilichobaki kilitosha kununua chumvi ya Katwe, magunia machache.

Mpaka leo anauza chumvi sokoni, anaipima kwa kopo, na chumba ni kile kile cha kupanga. Bei zilikuja kutulia, mwalimu hakutudanganya. Mzee Zedekia hununua chumvi kwake. Wanaulizana habari za nyumbani, hawataji kahawa.

Mwezi uliopita, baada ya mzee kuondoka na chumvi yake, nilimuuliza tena. Nani aliilipa ile riba?

Ketura alifunga mdomo wa gunia, akalikalia.

“Benki ilinisukumia mimi. Mimi nikamsukumia Zedekia, nikaona nimepona. Zedekia akatazama nyuma yake, hakuna mtu, kuna mti tu. Akausukumia mti. Sasa mti, mwanangu, unaulipisha nini? Ulinirudishia mimi.”