Chumba Nilichokiita Stoo

Kalinzi asubuhi kuna baridi kweli. Watu wakisikia Kigoma hufikiria jua la Kibirizi linalokausha dagaa, lakini sisi wa huku juu kwenye kahawa tunaamka na masweta. Miguu yangu iliharibika kwa kusimama mbele ya ubao miaka yote ile ya ualimu, na baridi ikiishika naweza kukaa kitandani mpaka saa nne. Kwa hiyo mwanangu anayetengeneza majokofu ya hoteli huko Dar es Salaam alipopiga simu kusema amepata mashine ya kutupashia maji ya kuoga, nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Nimeandika "peke yangu". Hapo tayari nimeshadanganya. Dada yangu alikuwepo, amechutama mbele ya mafiga, anapuliza moto chini ya sufuria ya maji yetu ya kuoga.

Ni binti wa mama mkubwa, kutoka Burundi. Mama yangu aliolewa huku akitokea kule, na nilipokuwa mdogo nilipelekwa kwao wakati wa likizo. Tulilala mkeka mmoja, yeye na mimi. Alinifundisha kusuka vikapu, na alinichapa nilipomwaga maziwa. Mambo ya kwao yalipochafuka alivuka kwa boti hadi Kagunga, akalala siku kadhaa pale ufukweni na wenzake waliokimbia, kisha akapanda milima kwa miguu mpaka mlangoni kwangu na mfuko mmoja. Nilimpa chumba kidogo cha uani, kile kilichoshikana na bafu. Tangu kesho yake aliamka kabla yetu sote, akachota maji, akachemsha, akapeleka ndoo bafuni kwa kila mtu. Yangu ilikuwa ya kwanza, yake ilikuwa ya saba.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza kwamba mwenye mgeni kutoka ng'ambo akamwandikishe, ili apelekwe kwenye kambi ya wakimbizi. Nilijiambia nitakwenda Jumatatu. Jumatatu zikapita nyingi.

Fundi aliyetumwa kupanga kazi alitoka mjini kwa pikipiki. Kumbe nilimfundisha darasa la kwanza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mtu mzima, na kitambi juu!"

Alicheka, akatoa futi kamba na daftari la mistari ya hesabu. Alinieleza kwamba mashine ile ni kama friji iliyogeuzwa: inavuta joto lililomo hewani na kulitia kwenye maji, hata siku ya ukungu. Ila lazima ipangwe vizuri. Inataka ukuta wenye nafasi ya upepo, karibu na bafu ili maji yasipoe njiani. Tena inapofanya kazi inatoa hewa ya baridi upande wa mbele, kwa hiyo isielekezwe mahali mtu anapolala.

"Sasa niambie, mwalimu. Nyumba hii wanaoga watu wangapi? Ndipo nipange ukubwa wa tangi."

Nilihesabu kwa vidole: mimi, mume wangu, mkwe wetu, na watoto wake watatu.

"Sita," nikasema.

Akaandika sita. Akazunguka bafu, akapima hapa na pale, akarudi kwenye chumba kidogo cha uani. Palikuwa na mahali pamoja tu panapofaa, na hapo mashine ingepuliza moja kwa moja kwenye dirisha la chumba kile.

"Humu analala mtu?"

"Hapana. Hiyo ni stoo tu."

Dada yangu alikuwa hatua tatu kutoka kwetu, anamenya mihogo. Kisu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea. Hakuinua uso. Fundi alimwangalia kama mtu anavyomwangalia kibarua wa shamba, nami nikamwacha aamini hivyo.

Ningeweza kujitetea. Kuna miaka watu wenye mama wa upande ule waliitwa wakaulizwa habari za babu zao, na mimi nilijifunza mapema kumtaja baba tu. Lakini huyu alikuwa fundi wa majokofu, hakuwa ofisa wa uhamiaji. Ningesema "saba, na humo analala dada yangu," angefuta, akaandika upya, basi. Niliona haya. Niliona haya kwa kitenge chake kilichopauka na lafudhi yake, mbele ya mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuhesabu.

Fundi alisema atarudi siku ya tatu kuweka alama za mashimo ukutani. Siku hizo zote nilitaka kuzungumza na dada. Nilianza mara mbili, nikaishia kusifia mboga.

Siku ya tatu akaja, akasema anataka kuona unene wa ukuta kwa ndani. Nilinyanyuka nimzuie, lakini miguu ndiyo hiyo, na alikwisha sukuma mlango.

Ndani mlikuwa na magunia ya kahawa, yamepangwa mpaka karibu na dari. Majembe yameegemezwa pembeni, debe la mahindi, ungo, chombo cha kunyunyizia dawa. Sakafu imefagiliwa. Mkeka haukuwepo, wala mfuko.

"Safi kabisa, mwalimu," fundi alisema. "Stoo kweli."

Dada yangu alimletea kahawa, akampokelea kikombe, akamuaga kwa heshima zote. Pikipiki ilipoondoka ndipo nikamuuliza kwa nini amefanya vile.

"Ulimwambia ni stoo," alisema. "Mwalimu ataonekanaje muongo mbele ya mwanafunzi wake?"

"Dada, nisamehe."

"*Ntaco*, mdogo wangu. Hakuna neno." Kisha akaniambia amekwisha kwenda kwa mwenyekiti na kujiandikisha mwenyewe. Alimwambia amefika jana yake tu, ili nisiulizwe. Gari la kambini lingepita barabarani kesho yake asubuhi.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nyumba ni yangu, na mwenyekiti nakunywa naye kahawa. Ningesema "huendi popote," hata kwa kelele. Badala yake nilishusha pumzi, na yeye akaisikia pumzi ile. Nimewahi kuona aibu ya mambo mengi maishani, ila hiyo ya pumzi ndiyo inayonirudia kila siku.

Mashine ilifungwa mwezi uliofuata. Inafanya kazi vizuri, haina kelele, na inapuliza baridi yake kwenye dirisha la stoo bila kumsumbua mtu.

Lakini asubuhi ile ya gari, kabla ya mashine, nilipoamka alikuwa amekwisha ondoka. Mafiga yalikuwa bado na makaa. Nilijikokota mpaka bafuni nikawasha taa. Maji ya moto yalikuwa yamepangwa ukutani, kwenye ndoo, kwenye mabeseni, mpaka kwenye sufuria ya pilau, kila chombo kimefunikwa. Nilivihesabu. Vilikuwa sita.

Changu kilikuwa cha kwanza, karibu na mlango, nilipokifunua kikatoa mvuke. Nikaoga.