Pamba Yenye Damu

Juzi mjukuu wangu alimpakata paka wake na kuanza kumsugua meno kwa pamba. Mawazo yakanirudisha Tabora, kwenye baraza ya memsahibu, mke wa Mzungu wa reli, ambaye mama alikuwa akimfulia nguo.

Alasiri ile kulinuka sabuni na makaa ya pasi. Memsahibu alimbana mbwa wake magotini, akamsugua meno, na pamba ikatoka nyekundu. Akaitia kwenye kopo, akalifunika vizuri mno.

"Mama, mumiani!" nilinong'ona. Mtaani kwetu kila mtoto alijua wapo watu wanaovizia wenzao wawanyonye damu.

"Nyamaza, utanifukuzisha kazi," mama alisema, lakini pasi ilikuwa imesimama mkononi mwake.

Memsahibu akanigeukia, akicheka. "Toto, kuja hapa. Onyesha meno."

Niliziba mdomo kwa viganja vyote viwili, nikatoka mbio hadi mtaani kwetu, Kanyenye.

Leo najua mbwa yule alikuwa na ufizi mbovu tu. Hata hivyo, pamba ya mjukuu wangu ilipotoka na damu, nilijikuta nimeshamshika mkono.

"Hiyo," nikamuuliza, "unaipeleka wapi?"