Barua za Kocha kwa Mwandiko Wangu

Mwandiko wangu ni mzuri. Sijisifu, nalalamika. Nilifundishwa na mwalimu wa darasa la tatu aliyekuwa akipita nyuma yetu na rula ya mbao, na kila herufi iliyotoka nje ya mstari uliilipia kwenye vifundo vya vidole. Nikajua kuandika. Basi miaka ya tisini, nikiwa mwanafunzi katika chuo kimoja kidogo upande wa Saint Paul, huko Marekani, ambacho sitakitaja, mwandiko huo ukanipatia kibarua, na tangu kibarua kile sina hamu nao tena.

Kibarua chenyewe kilikuwa katika ofisi ya timu ya mpira. Si mpira wetu, ni ule wao wa kofia ngumu na kugongana. Sikujua hata sheria zake, na leo hii ukiniuliza kwa nini mchezo umesimama nitakwambia sijui. Usajili ndio niliokuja kuujua, na kuuchoka. Vyuo vya kule vinakwenda shule za sekondari kuwabembeleza vijana, vinawaahidi kuwasomesha, na kijana mmoja mwenye mwili anaweza kubembelezwa na nusu ya ligi kwa wakati mmoja. Ukutani mwa ofisi palikuwa na ubao. Upande mmoja majina ya vijana tuliowataka, kila jina na kadi yake. Upande wa pili watani wetu wa jadi, hasa chuo kimoja cha Wisconsin na kimoja cha Dakota. Kila Jumatatu kocha msaidizi, yule wa usajili, alisimama mbele ya ubao na kikombe chake cha kahawa akatusomea hali ya watani. Wisconsin watu wao wa mbele wote wanamaliza masomo mwaka huu, mwakani watakuwa laini. Dakota wamepata mrusha mpira, hao tuwaogope. Alisema kama mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa, na alikosea mara nyingi vilevile.

Huyo kocha alikuwa na imani moja kubwa: barua ya mashine inaishia kwenye pipa la taka, barua ya mkono inabandikwa kwenye friji. Tatizo ni kwamba mwandiko wake mwenyewe hata yeye ulimshinda kuusoma. Mimi nilikuwa nimeomba kazi ya kufagia ukumbi wa mazoezi. Alipoichukua fomu yangu aliacha kusoma nilichoandika akawa anatazama herufi. Kesho yake nikapewa meza karibu na mashine ya faksi, boksi la karatasi zenye nembo ya chuo, kalamu za buluu, na mfano wa barua wenye mistari mitano. Ninakili, ninatia jina la kijana, ninaacha nafasi ya sahihi. Sahihi tu ndiyo iliyokuwa yake.

Hapo ndipo kiherehere changu kilipoingia. Ile mistari mitano ilinikera. Tumekuona ukicheza, tunakutaka, njoo. Mtu humjui, hujamjulia hali, unamwita kama unaita mbuzi. Kwetu barua isiyo na salamu ni matusi. Unauliza afya kwanza, unauliza wazazi, unasema na wewe hujambo, ndipo unaingia kwenye shida yako. Nikaanza kuongeza, kwa Kiingereza lakini kwa adabu za kwetu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya. Huku baridi imeanza kubisha hodi, sijui huko kwenu. Tafadhali mfikishie mama yako salamu zangu nyingi, mwambie namheshimu kwa kazi ya kukulea. Kocha alipoiona ya kwanza alikunja uso, ila aliitia sahihi. Wiki mbili baadaye akaja anacheka peke yake. Kina mama walikuwa wanampigia simu wenyewe. Akaagiza salamu ziende kwenye barua zote, na mimi nikaziandika mpaka kidole cha kati kikaota sugu ambayo ninayo hadi leo.

Jumamosi na Jumapili nilikuwa na kazi nyingine, kwenye nyumba ya wazee katika mji mdogo wa Crystal. Mabasi mawili kutoka mtaa wa Cedar-Riverside nilikopanga, na la pili lilikuwa halijui maana ya ratiba. Kazi ya kunyanyua, kuosha, kulisha, kubadilisha shuka. Nilifanya zamu ya asubuhi pamoja na mama mmoja Mkenya, aliyekuja Marekani zamani kumfuata mume, mume akaenda zake, akabaki na mtoto mmoja wa kiume wa kulea peke yake. Alinizidi kama miaka kumi na mitano, kwa hiyo nilimwita Mama. Yeye aliniita Mtanzania, na alikicheka Kiswahili changu kwamba kinazunguka sana kabla ya kufika. Alikuwa na mikono mizuri. Akimgeuza mzee kitandani, mzee haamki.

Jumapili moja ya Oktoba tulikuwa tunakula mchana kwenye chumba cha wafanyakazi. Akafungua mkoba wake akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake barua tatu zilizonyooshwa vizuri.

"Kuja uone, Mtanzania," akasema. "Kijana yangu anatafutwa."

Ulikuwa mwandiko wangu. Jina la kijana yule nilikuwa nimeliandika mara tatu kwa mkono wangu, lakini ukoo ulikuwa wa baba yake, na mimi mama huyu nilimjua kwa jina lake tu. Kijana alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, anacheza pale mbele, kazi yake kuwazuia wapinzani wasimfikie mrusha mpira. Kadi yake ilikuwa safu ya pili ya ubao.

"Ona vile ameandika. Mtu mzima, kocha, anakaa chini anaandika na mkono. Na huyu mzungu ako na heshima. Ananisalimia mimi kwanza, ndio aongee mambo ya mpira. Hata mwenye alinioa hakuwahi kuniandikia hivi."

"Mwandiko mzuri, Mama," nikasema.

Basi, hilo ndilo nililosema. Ningemwambia pale pale tungecheka, na yangeisha. Nikajiambia maneno ni ya kocha, sahihi ni ya kocha, mimi ni kalamu tu. Lakini salamu hazikuwa za kocha, na nilijua. Kwenye nyumba ile kulikuwa na daftari la zamu, ambamo mwisho wa kazi unaandika nani amekula, nani amekataa kuoga, nani anakohoa. Kuanzia wiki ile niliacha kuandika humo kwa herufi za kuunga. Nikaanza kuandika herufi kubwa kubwa, moja moja, kama mtoto wa chekechea. Mtu asiye na kosa hafanyi hivyo.

Baridi ikaingia, nami kila Jumapili nikapewa habari za usajili kutoka upande wa pili. Dakota walikuwa hawalali. Kocha wao aliendesha gari kwenye theluji mpaka Crystal, akakaa sebuleni kwa Mama, akala chapati, akaahidi miaka minne ya masomo. Sisi tulikuwa tumetuma barua nane na neno moja la simu, kwamba nafasi yako ipo. Mama hakuutaka mpira kwa ajili ya mpira. Alitaka mtoto asome. Aliniambia wazi, siku tukiwa tumemshika mzee mmoja mzito, yeye miguuni, mimi kwapani: "Mimi nimenyanyua watu miaka kumi na moja. Sitaki kijana yangu anyanyue mtu."

Mwisho wa Januari akaniuliza. Siku ya vijana kutia sahihi fomu za vyuo ilikuwa Jumatano, na Dakota walimpa mpaka saa sita mchana ya siku hiyo, wasiposikia kitu wanamchukua mwingine.

"Kijana anapenda Dakota," akasema. "Lakini moyo yangu iko kwa huyu wa barua. Wewe unasoma hapo. Niambie, hao ni watu wa ukweli?"

Nilikuwa nakunja taulo. Nikaendelea kukunja.

"Ni watu wazuri, Mama."

Jumatano ile nilikaa kwenye faksi tangu saa mbili asubuhi. Utaratibu ulikuwa tunatuma fomu kwenye shule ya kijana, anamwaga wino, shule inaturudishia. Fomu ya kijana wa Crystal ilikuwa mkononi mwangu. Saa tatu kocha akatoka kwenye simu uso unang'aa. Kijana mwingine, mkubwa zaidi, alikuwa ametemwa na chuo kikubwa cha huko kusini dakika za mwisho, na sasa anashuka kwetu. Nafasi ya pale mbele ilikuwa moja.

"Wa Crystal mtoe," akaniambia, anatazama kahawa yake. "Nitampigia mchana. Mambo haya hutokea kila mwaka."

Nikabandua kadi ubaoni. Nikairudisha fomu kwenye boksi. Halafu nikakaa mbele ya simu. Namba ya Mama niliijua kwa kichwa, tulikuwa tunabadilishana zamu. Saa tatu mpaka saa sita ni muda mrefu sana. Ingetosha dakika moja: Mama, wapigie Dakota sasa hivi. Sikuogopa kufukuzwa kazi, ningepata nyingine ya kufagia. Niliona aibu. Nilijua ataniuliza nimejuaje, na ningelazimika kumwambia kila kitu kuanzia Oktoba. Kwa hiyo nilipanga kalamu. Nikahesabu bahasha ambazo hakuna aliyenituma nizihesabu. Saa sita ikaja, ikapita, na kocha alipiga simu yake saa tisa, alipomaliza chakula cha mchana na wageni.

Baadaye nilikuja kusikia kwamba kijana alikaa ofisini kwa mwalimu mkuu asubuhi yote, amevaa tai, karibu na faksi ya shule. Mama aliomba ruhusa kazini, akaja saa tano na kamera.

Jumamosi hakuja kazini. Nilifanya zamu bila yeye, na mwisho wa kazi nikaandika kwenye daftari. Niliandika kwa herufi za kuunga, ukurasa mzima, vizuri kabisa. Hadi leo sijui kama nilisahau au nilitaka. Nilikuwa nimechoka kujificha, hilo ninalijua.

Jumapili nilimkuta amesimama mbele ya daftari, koti bado analo. Alikuwa amesoma kwa muda mrefu kuliko habari za wazee kukataa uji zinavyohitaji. Akalifunga. Hakunitazama. Tukaanza kazi, na asubuhi nzima alizungumza nami maneno matatu tu, yale ya kumnyanyua mtu pamoja: moja, mbili, tatu. Kila kitanda, moja, mbili, tatu. Heri angenitukana.

Saa ya chakula akatoa kwenye mkoba karatasi nyeupe na kalamu. Akaziweka mbele yangu, juu ya mkate wangu.

"Andikia Dakota," akasema. "Waambie kijana bado anataka. Andika vile uliniandikia mimi."

"Mama, nisamehe. Mimi niliambiwa tu..."

"Salamu pia uliambiwa?"

Nikauondoa mkate chini ya karatasi. Niliandika. Mwandiko ulitoka mzuri vilevile, kwa sababu mwalimu yule alitukunja tangu wadogo. Nikaanza na afya ya kocha wa Dakota, nikamshukuru kwa safari yake ya kwenye theluji, nikaingia kwenye shida. Nilipomaliza akaisoma mara mbili, kidole kinafuata mstari.

"Iko tamu sana," akasema. "Hawawezi kuiamini."

Akachukua karatasi nyingine akaanza kuinakili mwenyewe, kwa mkono wake mzito, herufi zinapanda na kushuka. Alipofika kwenye salamu aliziruka zote. Barua ikabaki mistari minne. Akaitia kwenye bahasha, akairamba, akarudi wodini kabla saa ya chakula haijaisha.

Dakota walijibu kwa barua ya mashine. Nafasi zimejaa, wanamtakia kijana kila la heri. Mimi niliacha kibarua cha ofisini mwezi huo huo, nikamwambia kocha mkono unaniuma. Alisikitika kidogo, akaniuliza kama kuna rafiki yangu yeyote wa Afrika anayeandika vizuri. Msimu uliofuata Dakota ndio waliochukua ligi, na yule kijana mkubwa wa kusini aliumia goti kabla ya mechi ya tatu. Safari hiyo kocha hakuwa amebashiri hata moja kati ya hayo.

Kiangazi mwana wa Mama alianza kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu yetu, akingojea kuona chuo gani kingemchukua bila mpira. Alikuwa mkubwa kweli, akiingia mlangoni anainama kidogo. Mama alimleta kwangu, kwenye meza ya daftari, mwisho wa siku yake ya kwanza. Kijana akanipa mkono, akasema kwa Kiingereza kwamba amefurahi kunifahamu, mama yake amemwambia mimi ni mtu wa kitabu. Alikuwa amenyanyua watu tangu asubuhi, na shati lilikuwa limemganda mgongoni. Nikagundua kwamba Mama hakumwambia nani aliandika zile barua. Nikamtazama Mama, naye akanisogezea daftari la zamu.

"Mwonyeshe vile tunaandika," akasema. "Lakini hizo salamu zako, wacha."

Nikampa kijana kalamu. Nikamwonyesha: jina la mzee, saa, amekula au hajala.